Alama Kumi na Moja za Chaki: Kumuaga Rodwell Mpundu

Jumatano hii, tarehe 30 Juni 1999, Rodwell Mpundu, mkuu wa uwanja wa mizigo katika kiwanda chetu cha kukausha na kufungasha samaki hapa Kashikishi, anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya kazi. Aliingia Jumatatu ya tarehe 3 Mei 1971 akiwa mbebaji, kazi ambayo haikudai cheti chochote isipokuwa shingo. Wazambia wanamwita ba Mpundu, sisi tuliotoka ng'ambo ya ziwa tunamwita papa Mpundu, na yeye huitikia yote mawili kwa kuinua nyusi tu.

Ameomba wasifu huu uandikwe kwa Kiswahili ili wafanyabiashara wa Kilwa na Pweto, huko ng'ambo ya ziwa, wanaoshusha samaki kwetu nao wasomewe. Kiswahili chake mwenyewe ni cha sokoni. Hesabu anazijua zote, salamu anazijua nusu, na matusi, kama mizani yetu ingekuwa na mdomo ingeshuhudia, hajawahi kukosa hata moja.

Alibeba kreti kichwani miaka tisa. Katika miaka hiyo alibeba pia saruji ya ukumbi wa kukaushia, uliojengwa mwaka 1974. Baadaye alipewa kazi ya kuosha sakafu, kisha akawekwa kwenye mizani, na mwaka 1986 akawa mkuu wa uwanja. Watu wengi wakipanda cheo husahau walikotoka. Huyu alikumbuka kila hatua, na kumbukumbu hiyo ndiyo iliyotuokoa mwaka 1996.

Septemba ya mwaka huo meneja wetu, Bwana Kingsley Chabu, alitangaza kwamba wenye kiwanda wamekubali kununua vifaa vipya vya kuhamishia mizigo, lakini mara moja tu, bila kurudia. Alikuja muuzaji kutoka Ndola na kitabu cha picha za rangi. Picha iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya foklifti, kile kigari chenye vyuma viwili mbele vya kunyanyulia mizigo. Karani na mlinzi walisukumana kuiona, na mimi mtunza bohari nilikuwa mbele yao.

Bwana Chabu hakuficha kitu. Foklifti ikija, wabebaji wote kumi na wanane wangerudi nyumbani kabla ya Krismasi. Kumi na sita kati yao walikuwa wanawake, na ba Beauty Luse, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa amebeba kreti miaka kumi na mmoja. Kilichobaki kilikuwa saini ya mkuu wa uwanja. Papa Mpundu aliomba apewe wiki mbili afikirie.

Siku hiyohiyo alikuja bohari akaniomba boksi la chaki. Nilimpa huku nikicheka, nikidhani anataka kufungua shule. Kumbe alimgawia kila mbebaji kipande, na agizo moja tu: ukiinua kreti, ichore mstari mmoja. Kwa wiki mbili uwanja wetu ulijaa kreti zenye mistari, na wafanyabiashara wa ng'ambo waliapa kwamba tunawaroga.

Siku ya mkutano alibeba kreti moja mwenyewe na kuiweka juu ya meza ya meneja, ikichuruzika maji ya samaki kwenye makaratasi yote. Ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Kutoka mtumbwini hadi chumba cha chumvi, kreti ile ile iliinuliwa mara kumi na moja, na hakuna aliyewahi kuhesabu. Alieleza kwa Kibemba, kisha akanigeukia mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa nikibisha kwa sauti kubwa kuliko wengine: "Mashini iko muzuri, Ghislain. Lakini itafuta mistari mbili tu. Ile ingine tisa itabakia ku banamuke ba chumvi."

Alisema kweli. Foklifti ingekimbia uwanjani tu. Kushusha, kupima, kupanga na kupandisha mezani kungebaki vilevile, na kungewaangukia wanawake wa meza ya chumvi, ambao tayari walikuwa na kazi ya kutosha.

Meneja alishikilia kwamba mashine itaingia mpaka ndani ya ukumbi. Hapo papa Mpundu alifanya jambo ambalo nusura limfukuzishe kazi. Alichukua mtaimbo na kutoboa sakafu ya ukumbi bila kumwomba mtu ruhusa. Saruji ilikuwa nene kama vidole vinne, na chini yake mchanga mtupu wa ziwa. Aliyekuwa ameibeba saruji hiyo mwaka 1974 alijua ilikuwa mifuko mingapi. Muuzaji alipoulizwa uzito wa foklifti yake, alijibu kwa sauti ndogo kwamba ni tani mbili na nusu, bila mzigo. Siku ya tatu Bwana Chabu alimwita papa Mpundu ofisini amwambie anataka nini.

Alichotaka hakikuwa na injini. Miaka aliyoosha sakafu alikuwa ameona kwamba maji yakimwagwa kwenye mizani hukimbia yenyewe hadi mlango wa chumba cha chumvi. Katika njia hiyohiyo ya maji akaomba iwekwe reli ya roli, yaani vyuma vya mviringo vilivyopangwa kwa safu, ambavyo kreti ikiwekwa juu yake huteleza bila kusukumwa. Akaomba meza zote zipandishwe hadi kiunoni, zilingane na reli, na mikokoteni minane ya kutoa samaki ufuoni. Mikokoteni inahitaji watu wa kuisukuma, na watu hao tulikuwa nao.

Sitasema alipatia yote, maana yeye mwenyewe angenicheka. Mikokoteni aliyoichagua ilikuja na magurudumu madogo ya chuma, na asubuhi ya kwanza yote minane ilizama mchangani mbele ya wageni. Wafanyabiashara wa Pweto walipiga makofi. Papa Mpundu alisema matusi yake yote ya Kiswahili, akamwita fundi wetu Webby, na kufikia Jumamosi mikokoteni ilikuwa inatembea kwa matairi ya pikipiki. Bado inatembea.

Leo kreti inainuliwa mara nne. Safari iliyochukua dakika arobaini inachukua dakika kumi na tano, na samaki wa kutupwa ni wachache mno. Wabebaji kumi na wawili wako kwenye mikokoteni, watano wako kwenye kufungasha, na mmoja ameolewa Mansa. Hakuna aliyerudishwa nyumbani. Kuanzia kesho mkuu mpya wa uwanja ni ba Beauty Luse, na aliyempendekeza hamna haja ya kumtaja.

Nimebakiza jambo moja, na afadhali nilisome mwenyewe. Mwaka ule wa 1996 meneja hakuota tu kwamba wabebaji waondolewe. Aliandikiwa barua. Niliiandika mimi. Shemeji yangu Guy alikuwa na leseni ya kuendesha foklifti na hakuwa na kazi, basi nikaandika kwamba wabebaji kumi na wanane hawahitajiki tena, nikayaorodhesha majina yao, la Beauty likiwa la kwanza. Meneja alimpa papa Mpundu barua hiyo aweke saini chini ya yangu. Hakuweka. Aliikunja akaitia mfukoni, na hakumwambia mtu yeyote.

Tangu hapo kila saa sita mchana nakula bukari, yaani ugali, na wanawake haohao. Wananitunzia vichwa vya samaki kwa sababu wanajua navipenda. Wiki iliyopita nilimfuata papa Mpundu nikamuuliza kwa nini hakuwahi kunisema. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Kama nilisema, ungekula na nani?"

Ba Beauty, na ninyi wenzake wote, sasa mmesikia, na nawaomba radhi. Kesho saa sita nitakuja na sahani yangu. Mkinifukuza, mna haki.

Papa Mpundu, asante kwa kazi yako, na asante zaidi kwa kimya chako. Nenda salama nyumbani kwako Kabuta. Sisi wote unaotuacha hapa tunakutakia miaka mingi, afya njema, na watu wa kula nao kila siku.

Ghislain Mwenze, mtunza bohari