Jina la Mwenzangu Kwenye Kadi ya Kamusi

Amahoro, ndugu zangu. Kesho watoto wanarudi shule, ndiyo maana mchungaji ameniomba nisimame hapa. Mama zangu wa kule nyuma, kama hamunisikii munyooshe mkono, maana sauti yangu leo ni ndogo. Wengi wenu mumenizoea pale sokoni na vitenge vyangu, mtu wa utani na kelele. Leo sina utani. Kuna mtu ameniruhusu niseme habari hii kwa sharti moja, na sharti lenyewe nitawaambia mwishoni.

Mimi nilizaliwa Tanzania, ukimbizini. Tuliporudi nilikuwa na miaka kumi na sita, nikawekwa mwaka wa nane na watoto wadogo kwangu. Kule nilisoma kwa Kiswahili. Hapa Rumonge nikakuta Kirundi cha kuandika na Kifaransa. Siku ya dikte ya kwanza mwalimu alisoma sentensi kumi. Mimi niliandika moja, nayo ilijaa makosa. Akanisimamisha na daftari langu, darasa likacheka, na yeye akacheka. Nawaambia, siku hiyo nilitamani turudi kambini.

Mtu mmoja hakucheka. Ni msichana niliyekaa naye benchi moja, aliyelelewa na bibi yake muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Saa ya mapumziko alinivuta nyuma ya darasa, akaokota kijiti, akanipa. Yeye alitaja neno, mimi nikaandika kwenye vumbi. Nikikosea alifuta kwa mguu.

"Hapana. Tena."

Kila siku ilikuwa hivyo, mwaka mzima. Wengine walikuwa wakiruka kamba, yeye alikuwa akifuta makosa yangu kwa mguu, na sikumbuki hata siku moja aliyochoka. Kidogo kidogo nikaanza kupata dikte nusu, halafu zaidi ya nusu.

Tulipofika mwaka wa tisa, mwaka wa konkuru, ule mtihani wa taifa, mwalimu alitupa utafiti: tuandike habari za mchikichi kutoka vitabuni. Mimi nikasema, "Michikichi imejaa mpaka mlangoni kwetu, niende kuitafuta kitabuni?" Mwenzangu akanishika mkono, akanipeleka kwenye chumba cha vitabu cha shule. Chumba chenyewe kidogo, kabati mbili, na mama mmoja wa kuvilinda. Humo alinionyesha namna ya kutafuta: uanze na orodha ya mwanzo, uende kwenye ukurasa wenyewe, usome, ufunge kitabu, ndipo uandike kwa maneno yako. Neno usilolijua, ulitafute kwenye kamusi. Nilishangaa. Kumbe kulikuwa na mahali mtu angeweza kuuliza bila kuchekwa.

Lakini mimi sikuwa na kadi ya kuazima. Karatasi zetu za kurudi zilikuwa hazijakamilika, na bila karatasi hakuna kadi. Mwenzangu akaazima kamusi kwa jina lake, akanipa niende nayo nyumbani siku mbili. Haikuruhusiwa. Aliniambia neno moja tu.

"Uisomee ndani. Na unawe mikono."

Ndugu zangu, nyumbani kwetu tulikuwa tukipika mawese nyuma ya nyumba, kama wengi wenu. Jumamosi mchana nilikuwa ndani na kamusi, mama akaniita nimsaidie kukoroga pipa. Badala ya kuiacha ndani, nikatoka nayo. Nilitaka jirani wanione na kitabu kikubwa, huo ndio ukweli. Nikaiweka wazi juu ya kigoda, karibu na ndoo ya mawese yaliyotoka kuchujwa. Nikageuka na mwiko, kiwiko kikagonga ndoo.

Munajua mawese yakigusa kitambaa inakuwaje. Kwenye karatasi ni mabaya zaidi. Nikafanya kile tunachofanya nguo ikimwagikiwa: nikachota unga wa muhogo nikamwaga juu ili unyonye mafuta, nikasugua. Mafuta yalikuwa moto. Unga ukawa ugali, kurasa zikashikana, na nilipozibandua zikachanika.

Jumatatu sikumwambia mwenzangu kitu. Nilisubiri mama wa vitabu ageuke, nikairudisha kamusi kabatini, mgongo nje, ikaonekana nzuri kabisa. Jumatano ikafunguliwa.

Walitupanga mstari mbele ya bendera. Direkta, mkuu wa shule, akainua kamusi juu, akafungua nyuma kwenye kile kikaratasi cha waazimaji, akasoma jina la mwisho. Lilikuwa la mwenzangu. Akalisoma mara mbili, kwa sauti, shule nzima ikisikia. Yeye akatoka mstarini. Hakujitetea. Alinitazama mimi tu, akasubiri.

Mimi nilitazama viatu vyangu.

Direkta akamwambia asirudi mpaka bibi yake alete kamusi mpya. Yule bibi wa ndagala angeitoa wapi? Wiki ya kwanza nilimwekea mwenzangu nafasi kwenye benchi. Wiki ya pili vilevile. Ya tatu nikasikia amepelekwa Kizuka kwa shangazi yake, kukamua mawese. Ofisi ya direkta ilikuwa hatua ishirini kutoka darasani kwetu, na kila asubuhi nilipita mbele ya mlango wake.

Konkuru nilifaulu. Dikte ndiyo iliyonibeba. Nyumbani walichinja kuku, na nilipouona ule mchuzi mwekundu wa mawese nikasema tumbo linaniuma.

Nikaendelea na shule, lakini sikuingia tena kwenye chumba cha vitabu. Utafiti nilinakili kwa wenzangu. Mwalimu wa dikte akianza kusoma, mkono ulikuwa unakataa, ninaandika mistari miwili ninaweka kalamu chini. Nikarudia mwaka, nikaurudia tena, nikaacha. Miaka ikapita, ziwa likapanda, likachukua nyumba yetu ya kando ya maji, na mimi nikapata la kusema. Kila aliyeniuliza kwa nini sikumaliza shule nilimwambia maji yametumaliza. Hata nyinyi hapa mulinihurumia, mukaniletea masufuria. Masufuria nashukuru. Lakini maji hayakunitoa shule. Nilikuwa nimeshaacha zamani.

Sasa nifike pale nilipogeuzwa. Yale maji yalipokaribia ile shule, watu waliitwa kusaidia kuhamisha vitabu. Nikaenda kwa aibu, maana jirani zangu wote walikuwa wanaenda. Yule mama wa vitabu bado alikuwepo, amezeeka. Akanipa rundo la kubeba kichwani, na kitabu cha juu kabisa kilikuwa ile kamusi. Doa lake lilikuwa limegeuka rangi ya kutu. Nikafungua nyuma. Jina la mwenzangu lilikuwa pale pale, na chini yake hapakuwa na mtu. Tangu siku ile hakuna aliyeiazima.

Nikakaa chini kwenye matope nikalia. Yule mama akauliza kuna nini, nikamwambia yote. Akaweka chini vitabu alivyoshika.

"Na mimi nilijua si yeye," akasema. "Ule mutoto alikuwa ananawa mikono mbele ya kushika kitabu, kila siku. Nilinyamaza kwa kuogopa direkta. Twende wote."

Tukaenda Kizuka kesho yake. Tulimkuta kwenye mashine ya kukamulia, mikono miekundu mpaka viwikoni. Nilipiga magoti. Nilisema kila kitu, kigoda, ndoo, unga, kabati. Hakuacha kazi mpaka nilipomaliza.

"Unadhani sikujua?" akasema. "Kamusi ilikuwa kwako, na unga wa muhogo niliuona kwenye zile kurasa direkta alipozifungua. Nilikuwa nakungoja tu, useme neno moja."

"Nisamehe, dada yangu."

"Hapana. Sikusamehe. Bibi yangu alikufa akiamini mimi ni mutu wa kuharibu vitu vya watu."

Tukainuka tuondoke. Tulikuwa tumefika barabarani aliponiita.

"Mutoto wangu iko mwaka wa sita. Dikte inamushinda. Kuja siku ya posho, umufundishe kama nilivyokufundisha."

Tangu hapo kila siku ya posho, yaani Jumamosi, niko Kizuka. Nikifika, yeye mwenyewe ananimwagia maji mikononi, na sabuni, mpaka atosheke. Kisha msichana wake ananipa kijiti. Mimi nataja neno, yeye anaandika, akikosea ninafuta kwa mguu. Mwezi uliopita nilimpeleka kwenye chumba kipya cha vitabu. Nikamwonyesha orodha ya mwanzo, nikamwonyesha kamusi. Akatafuta habari za ndagala za yule bibi aliyemlea mama yake, akaandika kwa maneno yake. Yule mama wa vitabu akamletea kadi. Ina jina la mtoto, na kamusi ataibeba yeye mwenyewe.

Nawashukuru. Murakoze mama wa vitabu, uliyefuatana nami ukiwa na miguu mibovu. Murakoze dada zangu wa sokoni munaokaa na vitenge vyangu kila Jumamosi bila kuniuliza naenda wapi. Sasa munajua.

Kwenu watoto nina neno hili. Ukiharibu kitu, sema siku ile ile, kabla mwenzako hajasimama mahali pako. Kesho yake ulimi unakuwa mzito, na mwaka ukipita hauinuki kabisa.

Niliahidi kuwaambia sharti. Aliniambia, "Jina langu walilisoma mara mbili mbele ya watu. Usilisome mara ya tatu." Kwa hiyo simtaji. Amekaa kati yenu asubuhi hii, na tukiwa mlangoni nilimuuliza kama amenisamehe. Akasema bado. Dada, asante umekuja. Jumamosi nitakuja, uniwekee maji.