Mkono wa Kushoto wa Athanas Makokha

Tumekusanyika hapa Doha kumuaga Athanas Makokha kabla mwili wake haujasafirishwa kwenda nyumbani. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, Kimilili, Bungoma, mtoto wa tatu wa Mama Felistas na marehemu Mzee Cosmas.

Alianza masomo mwaka 1986 katika shule ya misheni kijijini. Aliandika kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo siku zile halikuvumiliwa. Mwalimu aliagiza mkono huo ufungwe kiunoni kwa kamba ya katani, na kaka yake Wesley, anayewasomea haya, ndiye aliyeifunga kila asubuhi kwa muhula mzima. Athanas akajifunza kutumia mkono wa kulia, ingawa hati yake ilibaki mbaya hadi mwisho. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1997.

Tarehe 20 Agosti 2005 alifunga ndoa na Scovia Nafula. Mungu akawajalia Valerie na Owen.

Mwaka 2013 alikuja Qatar kuwa mlinzi, akaishi Industrial Area, chumba kimoja na wenzake saba. Baadaye alipangiwa lango la uwanja mmoja huko Al Thumama, ambako Wafilipino hucheza besiboli kila Ijumaa. Tarehe 2 Novemba 2018 mpira uliruka ua ukaangukia miguuni pake. Aliurudisha kwa mkono wa kushoto. Mchezaji aliyeudaka alivua glavu, akaanza kukipuliza kiganja chake. Nahodha wao, Henry, akapaza sauti: "Kaka mlinzi! Hebu rusha tena!"

Hivyo ndivyo Athanas alivyokuwa mrushaji wa timu yao akiwa na miaka thelathini na tisa. Paul, Mganda waliyelala naye chumba kimoja, alimtania: "Ssebo, wenzako wa umri huu wanatafuta miwani, wewe unatafuta mpira!"

Scovia alidhani ni kandanda, akamwonya juu ya magoti. Kusema kweli, familia haijauelewa mchezo huo hadi leo. Daftari la timu lasema aliwatoa wapigaji mia mbili na kumi na mmoja. Hatujui walitolewa wakaenda wapi. Wesley alipokwenda kumtazama mwaka 2023, watu walishangilia ilhali mpira haukuguswa na gongo hata mara moja.

"Mbona wanapiga kelele? Hakuna kilichotokea."

"Ndiyo kazi yangu, kaka," akajibu. "Kisitokee kitu."

Aprili 2024 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Aliuguzwa kwa upendo na Hannah, binti wa Wesley anayeishi hapa Qatar, nyumbani kwake Al Wukair, hadi alipofariki tarehe 6 Novemba 2025.

Juzi, tulipokuwa tukimvika, Henry alileta mpira, akaomba uwekwe katika mkono wa kushoto. Wesley alikuwa amekwisha kuulaza mkono huo chini ya ule wa kulia. Kwetu mkono wa kushoto haupokei wala hautoi. Hatukujua la kufanya. Tukampigia Mama simu.

"Alikuwa anarusha na mkono gani?"

"Wa kushoto, Mama."

"Ule uliokuwa unaufunga, Wesley?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi mfungulie mtoto."

Mtakapopita mbele ya jeneza, mtauona mkono wa kushoto ukiwa juu, umeshika mpira. Si kosa la waliomvika.

Ameacha mama yake, mjane wake Scovia, watoto wawili, kaka yake Wesley, dada yake Terry, na timu nzima ya Ijumaa. Bwana aupokee mkono huo kama alivyouumba, na Athanas apumzike kwa amani.