Daktari Gizella na Kaakaa la Mzee Vendel

Tarehe 31 Mei, Daktari Hegyesi Gizella atavua koti jeupe alilolivaa katika kliniki yetu hapa Sopron kwa miaka thelathini na sita. Tarehe hiyo tunaitaja kwa tahadhari. Mwaka juzi tulishamchapia kadi za sherehe ya kuagwa iliyopangwa kwa Krismasi na kuagiza keki ya kokwa za jozi, kisha mwenye sherehe akatangaza kwamba haendi popote. Keki tuliila wenyewe. Sababu ya kuahirisha ilikuwa mgonjwa mmoja, nasi tutamfikia.

Gizella ni mtoto wa hapa hapa, wa wakulima wa zabibu wanaopanda maharage katikati ya mizabibu. Alisomea Budapest, akarudi kabla wino wa cheti haujakauka. Kazi iliyompa jina ni ya taya la juu. Ukishang'olewa magego ya juu, mfupa uliokuwa ukiyashika hunywea mwaka baada ya mwaka, na juu yake pana chumba kitupu cha hewa kando ya pua. Ukipandikiza jino la skrubu hapo, unalipandikiza hewani. Yeye hufungua kidirisha ubavuni mwa taya, akainua polepole utando wa chumba kile, na chini yake akajaza chembe za mfupa. Kisha husubiri miezi, hadi chembe zishikamane na mfupa wa mtu mwenyewe. Wageni wa kutoka ng'ambo ya mpaka wakidai meno kabla ya sikukuu, huwajibu kwa upole kwamba mfupa hauna kalenda.

Utando huo ni mwembamba kama ule wa ndani ya ganda la yai. Ndiyo maana kila daktari kijana aliyepita mikononi mwake alianzia kwenye yai bichi: kwangua ganda, utando usiguse. Mayai yaliyopasuka yalikwenda jikoni, na aliyeyapasua ndiye aliyeyala. Daktari Bálint, anayemrithi, alinenepa sana mwaka wake wa kwanza, na mpaka leo akiona yai anaondoka mezani.

Sasa Mzee Vendel. Huyu ni mwenye shamba la zabibu kwenye mteremko wa juu ya ziwa, mjane, anaishi na bintiye Orsolya. Alikuja akiwa amevaa meno ya bandia ya juu, yale yenye bamba linalofunika kaakaa lote. Kula alikuwa anakula. Alichopoteza ni ladha.

"Nakubusu mkono, Daktari," alisema siku ya kwanza, kofia mkononi, kwa salamu ya wazee wa kwetu. "Mvinyo wangu nauonja kama mtu anayemsalimia mkewe kupitia dirishani. Sasa kuna mtu anataka kulinunua shamba. Nisipoweza kuonja, namwachia."

Orsolya, aliyesimama nyuma yake, aligeuza uso ukutani. Shamba lile ndiyo kazi aliyoichagua, lakini baba hakuruhusu pipa lifunguliwe bila ulimi wake mwenyewe.

Katikati ya Oktoba ya mwaka juzi Gizella alijaza mfupa pande zote mbili, safi kabisa. Akampa masharti kama anavyowapa wote: usipenge kamasi, piga chafya mdomo wazi, usivute sigara, usinywe kwa mrija, usipulize tarumbeta. Mzee aliyashika kama amri za kanisani. Kisha, mwezi wa Novemba, ikafika sikukuu ya Mtakatifu Martini, bata bukini akiwa mezani na wageni wakisubiri mvinyo mpya.

Kwetu mvinyo wa pipani huvutwa kwa lopo, mrija mrefu wa kioo wenye tumbo, na anayeuvuta kwa mdomo ni mwenye nyumba. Kumwachia mwingine ni aibu. Mzee Vendel alivuta pipa baada ya pipa, mashavu yamebonyea. Asubuhi tulimkuta mlangoni na leso yenye damu, na ndani yake chembe za mfupa zilizotoka puani.

"Sikupenga, Daktari. Mrija sijaugusa, naapa."

"Na lopo?"

Mzee aliikunja leso. Kisha akasema, "Lopo ni kukaribisha wageni."

Tulitegemea mvua ya maneno, maana Gizella anajua kufoka. Sisi wa chumba cha upasuaji tuna ushahidi. Badala yake aliketi. "Kosa ni langu," alisema. "Baba yangu alilivuta hilo lopo kila Jumapili mbele yangu, na mimi nikakuonya juu ya tarumbeta." Wiki ile ile alitangaza kwamba hatastaafu. Alisema hawezi kumwachia Bálint shimo alilolichimba yeye. Tangu hapo lopo limo katika masharti yetu, na madaktari wa Budapest wakilisoma hucheka.

Palisafishwa, pakaachwa papone, pakajazwa upya majira ya kuchipua. Safari hii Orsolya alilifungia lopo kabatini na kutembea na ufunguo shingoni. Mnunuzi alipiga simu mara kwa mara. Mfupa ukashika, skrubu zikaingia, na mwezi uliopita Mzee Vendel akapata meno yasiyofunika kaakaa.

Alitualika ghalani kwake, tawi la msonobari likining'inia langoni, alama ya kwetu kwamba ndani kuna mvinyo wa kunywa. Orsolya akamkabidhi lopo. Mzee akamtazama kwanza Daktari, Daktari akaitikia kwa kichwa. Akavuta, akamimina, akanywa, akainua glasi kwenye mwanga.

"Orsi, huu ni wa mwaka gani?"

"Wa mwaka juzi, baba."

"Niliutengeneza mimi?"

"Wewe."

Akaumwaga uliobaki sakafuni. "Na nyote mlikuwa mnausifu?"

Ni Gizella aliyejibu. "Nyumbani nina kabati zima la zawadi zako, Mzee Vendel. Chupa ya kwanza tu ilinitosha kujua kwamba siwezi kustaafu."

Mzee alicheka hadi tukayaona meno yote, kazi ya mikono ya Daktari. Kisha akalia, na Orsolya akalia, na simu ya mnunuzi ilipoita haikupokelewa.

Daktari Gizella, asante kwa mifupa, kwa mayai, na kwa kutufundisha kusubiri. Tutakukosa sana. Tunakutakia mapumziko mema na afya njema, na mavuno ya vuli hii, ambayo tumeahidiwa kwamba chupa yake ya kwanza ni yako. Hii utaweza kuinywa.

Kwa niaba ya wenzako wote,
Tünde, chumba cha upasuaji