Bado ya Mheshimiwa

Hamjambo, wasikilizaji wapendwa. Punguzeni moto jikoni, vuteni kiti, na mwenye mtoto mgongoni ambembeleze taratibu. Leo tunamkumbuka Rais wetu wa zamani, aliyefariki Jumatatu iliyopita akiwa na miaka themanini na moja. Aliiongoza nchi hii miaka kumi na minne. Miaka kumi na minne, na neno moja: bado.

Mnalikumbuka. Sokoni mlimwita Mzee Bado. Ukimuuliza fundi kama suruali yako imeshonwa, anakujibu, "Mzee Bado." Ukimuuliza mke kama bwana amerudi kazini, "Mzee Bado." Tulicheka. Lakini wapo ambao kicheko kiliwakwama kooni, na mmoja wao ndiye tutakayemfuata leo. Ni mama aliyekaa mlango mmoja na Rais karibu miaka yote hiyo, akimpigia chapa. Ofisini walimwita Bi Chapa.

Husemwa kwamba marehemu hasemwi. Sisi tutamsema, kwa adabu. Alikuwa wa wote.

Dada yake mdogo anaanza na viatu. "Kaka alinunuliwa viatu akiwa na miaka tisa," anasema. "Vyeusi, vya ngozi. Akavitia kwenye boksi, boksi akalisukuma chini ya kitanda. Baba akimwambia vaa, anasema bado, vitachakaa. Siku alipoamua kuvaa, kidole gumba kikagoma mlangoni. Mguu ulikua, mwanangu. Kiatu hakikukua. Nikavirithi mimi, na mimi vikanipwaya!"

Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu, halafu mkaguzi wa shule, halafu mbunge, halafu waziri, halafu Rais. Kumbukeni aliingia wakati gani. Aliyemtangulia alikuwa mtu wa pupa. Alibadilisha majina ya mitaa mara tatu, mpaka wapeleka barua wakawa wanaomba kuelekezwa njia. Watu walichoka. Wakataka mtu wa kutulia. Wakampata.

Na tumpe haki yake. Mwaka wake wa pili, majenerali walimwendea mara tatu wakitaka kuvuka mpaka. Mara tatu akawaambia, "Bado." Vita haikuja. Kuna mama anayetusikiliza sasa hivi, mwanawe yuko naye hapo sebuleni, kwa sababu ya neno lile.

Lakini dawa ya homa ukiinywa kila siku, hata homa ikiisha, inakuwa ugonjwa mwingine. Wauguzi waliomba zamu zipunguzwe. Bado. Watu wazima waliomba madarasa ya jioni yafunguliwe katika shule za serikali. Bado. Na ikaja sheria ya vyeti.

Sheria ya vyeti ilikuwa hivi. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto hakitoki mpaka baba asaini. Baba hajulikani aliko? Basi hakuna cheti. Bunge likapitisha sheria mpya, mama naye aweze kusaini peke yake. Lilibaki neno la Rais tu. Ikapelekwa kwake mara sita, na mara sita akaandika bado. Kwenye mkutano wa hadhara alisema, "Nyumba moja, saini moja." Wanaume wakapiga makofi. Hata wanawake wengine, tuseme ukweli.

Sasa sikilizeni utaratibu wa ofisi, maana mambo yote yako hapo. Kila faili lilikuwa na karatasi ya mbele. Juu yake Bi Chapa alichapa swali moja: "Je, Mheshimiwa Rais ameridhia?" Rais alisoma swali, akachukua penseli ya kijani, akaandika jibu chini. Basi. Faili likatoka. Swali lilelile, jibu lilelile, kila siku ya Mungu.

Bi Chapa alikuwa na binti, dobi wa hospitali. Binti alikuwa na mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili, wa kwanza darasani. Baba wa mtoto aliaga akiwa anakwenda kutafuta kazi, mimba ina miezi mitano, na mpaka leo anatafuta. Ukafika mwaka wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mwalimu mkuu akasema hakuna cheti, hakuna namba ya mtihani. Mwisho wa kuandikisha ni mwisho wa mwezi.

Jumapili binti akaenda kwa mama yake. Bi Chapa alikuwa anapiga pasi.

"Mama, huyo mzee wako anakunywa chai saa ngapi?"

"Saa nne. Kwa nini?"

"Nije nimsubiri mlangoni na mashuka yangu ya hospitali. Auone mkono unaofua damu ya watu lakini hauwezi kusaini."

"Usinitanie."

"Nani anatania? Wewe na penseli inayotufungia nje mnatenganishwa na mlango mmoja. Humo ndani miaka yote unachapa nini?"

"Ninachoambiwa."

"Haya. Na mwanangu atafagia anachoambiwa."

Pasi ikasimama. Mjukuu alikuwa ameketi juu ya kabati la vyombo, miguu inaning'inia. "Bibi," akauliza, "mwalimu anasema bila cheti ni kama sijazaliwa. Sasa hapa amekaa nani?"

Bi Chapa anakiri kwamba hakulala vizuri wala hakula vizuri. Jumatano faili la vyeti likarudi mezani kwake. Mara ya saba. Akatia karatasi kwenye taipureta. Akachapa, "Je, Mheshimiwa Rais." Akasimama hapo. "Vidole vyenyewe vilikuwa vinakimbilia ameridhia," anasema, "kama punda anayeijua njia ya nyumbani. Nikavivuta."

Akachapa, "ana pingamizi?"

Akaing'oa karatasi kabla moyo haujabadilika. Akaipeleka ndani. Rais alikuwa anasoma barua nyingine. Akaangalia swali kwa jicho la mazoea. Akachukua penseli ya kijani. Akaandika: "Bado."

Nirudie, wasikilizaji wapendwa, asije mtu akapitwa. Je, Rais ameridhia? Bado. Maana yake, kaeni. Je, Rais ana pingamizi? Bado. Maana yake, piteni.

Katibu mkuu wa ofisi alisoma karatasi ile mara mbili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Bi Chapa, hii imetoka kwako?"

"Kila karatasi hutoka kwangu, mzee."

"Na mwandiko huu wa chini?"

"Huo unaujua."

Akagonga mhuri. Ijumaa sheria ikachapishwa kwenye gazeti la serikali. Jumatatu foleni ilizunguka ofisi ya msajili mara mbili. Kina mama na kalamu zao, wengine wamekuja nazo tatu, endapo moja itaishiwa wino. Dobi wa hospitali alisaini zikiwa zimebaki siku mbili. Akatoka nje, akaangalia mkono wake kana kwamba ameuazima.

Bi Chapa alipaswa kufurahi. Alifurahi siku moja. Kuanzia hapo roho ikawa juu juu. Kengele ya Rais ikilia, anainuka kabla haijamaliza. Chai inapoa mbele yake. Nyumbani anakaa, anasimama, anafungua dirisha, analifunga. "Mama, una nini?" "Sina kitu." Jina la Rais, lenye herufi nne, alilichapa vibaya mara mbili katika wiki moja. Wakubwa walidhani Mzee kalainika, wakaogopa kumuuliza. Rais mwenyewe alidhani zile foleni ni vurugu za msajili. Hivyo ndivyo nchi yetu ilivyokwenda, kila mtu akiogopa kumuuliza mwenzake. Wiki kumi na tisa.

Mtoto akafanya mtihani wake. Baada ya mtihani, asubuhi moja, kengele ililia mara moja tu, ndefu.

"Bi Chapa. Njoo na faili la vyeti."

Akaenda nalo. Rais akalifungua, akasoma swali lake na jibu lake. Akasoma tena, midomo ikichezacheza kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Maneno haya si ya katibu mkuu."

"Ni yangu, Mheshimiwa."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilichoka kupokea jibu lilelile. Nikabadilisha swali."

Rais akachukua penseli ya kijani, akaizungusha.

"Una mtoto aliyehusika?"

"Mjukuu. Amefanya mtihani."

"Kafaulu?"

Bi Chapa hakukusudia. Anaapa mpaka leo hakukusudia. Alijibu kama mtu yeyote angejibu. "Bado, Mheshimiwa. Matokeo bado."

Rais alicheka mpaka penseli ikadondoka. Bi Chapa hakuwahi kumsikia akicheka vile. Akapangusa macho kwa kitambaa. Kwa kitambo kidogo alikuwa yule mtoto wa boksi la viatu, na Bi Chapa akasema moyoni, sasa ameelewa. Sasa ataiacha.

Hakuiacha. Wiki iliyofuata alisimamisha sheria. Wanasheria wakamwambia vyeti vilivyotoka havifutiki, vikabaki. Lakini foleni ilivunjwa. Kuna mama aliyekuwa wa pili kutoka dirishani, kalamu mkononi. Bi Chapa aliambiwa, "Nenda nyumbani, nitakuita." Alisubiri mwaka mzima akiwa amevaa viatu vya kazi. Hakuitwa.

Hilo ndilo tunalomlaumu marehemu, nalo linatukosesha raha hata siku ya msiba. Kutokujua tungemsamehe. Yeye alijua. Alielewa na akacheka, kisha akafunga. Miaka miwili baadaye alishindwa uchaguzi. Waliokuja baada yake wamekuwa wakimcheka, na sheria iliyosimamishwa hawajaigusa. Nao wana bado yao, wamebadilisha penseli tu.

Mjukuu wa Bi Chapa alifaulu. Yuko sekondari, hesabu zinamsumbua, anasema atazipata. Muswada wa vyeti unarudi Bungeni mwezi ujao. Wasikilizaji wapendwa, mnaye mbunge. Msimuulize kama ameridhia. Mnajua mtakachojibiwa. Muulizeni ana pingamizi gani, na alitaje, kwa sauti, mbele ya mama wa mtoto.

Jumatano Bi Chapa alikwenda msibani. Watu walimwambia asiende. Alikwenda. Alikuwa anaosha vikombe nyuma ya nyumba pamoja na wanawake wengine pale mtoto wa mwisho wa marehemu, binti ambaye ni mfamasia, alipomshika mkono na kumwingiza stoo ya viti. Kulikuwa na mtoto wa kiume humo, wa miaka mitano, anahesabu viti.

"Mwamkie bibi," akamwambia mtoto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

Binti akamfunika mtoto masikio kwa viganja. "Nilikuwa kwenye foleni yako," akasema. "Nimejifunga kitambaa hadi machoni. Niliogopa asije mtu akamwambia baba. Baadaye nikaogopa kumwambia mwenyewe. Kila mwaka nilisema bado, atapoa kwanza, bado, aanze kupona. Bi Chapa, baba amezikwa hajamwona."

Bi Chapa alimkumbatia kwa mikono yenye mapovu.

Familia ya marehemu, poleni. Mama mjane, pole. Dada, pole kwa kaka yako. Tumemsema mpendwa wenu siku ambayo mngependa tunyamaze, mtusamehe kwa hilo. Mungu awape subira.

Mfamasia alitupa karatasi tusome mwisho wa kipindi. Ameiandika kwa mkono wake na kuisaini. Anasema tangazo linalosomwa redioni tangu Jumatatu lina kosa moja, na anaomba lirekebishwe leo hii, wote wakiwa wanasikia. Tunalirekebisha.

Marehemu ameacha mjane, dada mmoja, watoto wanne na wajukuu kumi. Tangazo lilisema tisa. Ni kumi.