Walichoamua Benchi Kuhusu Mke wa Fundi Saa

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi, na tuna ugonjwa mmoja: jambo la mtu halijaisha mpaka lipite hapa, hata liwe la chumbani. Tuko wanne. Kinyozi mwenyewe, mpiga chapa mstaafu tunayemwita Profesa, Fundi Saa, na mimi. Siku tisa zilizopita mke wa Fundi Saa alipandikizwa kiinitete, mimba changa iliyotungwa hospitalini, cha tatu na cha mwisho. Viwili vya kwanza vilishaharibika. Tukakaa kikao, tukaamua mume ahame nyumbani, asije akamgusa. Tangu hapo analala kwenye kiti cha kinyozi, shingo imepinda, macho mekundu.

— Jana nimempigia daktari, Fundi Saa akasema, akifungua saa ya mteja kwenye kimeza chake. Kumbe hakukataza tulale pamoja. Anasema maji ya manii hayabebi mbegu tu. Huenda yanauandaa mji wa mimba ukipokee kiinitete.

— Huenda! Profesa akadakia. Daktari akisema huenda, ujue hajui.

— Kasema mwenyewe hajui. Eti wataalamu bado wanabishana. Lakini hakukataza!

Kinyozi akamimina kahawa. — Shamba limeshapandwa, wewe unarudi na ndoo ya maji? Si utasomba mbegu! Haraka haraka haina baraka.

— Halafu kile kimeanzia kwenye kichupa, Profesa akasema. Hakimjui baba. Ukiingia tu, kinashtuka. Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe linahusu nini hapa? Fundi Saa akauliza.

— Kunywa kahawa, bwana.

— Hata sauti ya mume inatikisa, Kinyozi akaongeza. Bora ulivyoacha kumpigia simu.

— Siku nne sijampigia, Fundi Saa akasema polepole. Mlisema nisimpigie, na usiku nizime kabisa.

Nikainamia kikombe changu. La simu nililisema mimi, jamani. Nilikuwa nachangamsha baraza.

Ndipo mkewe akatokea, kashika bahasha ya hospitali. Fundi Saa akasimama, bisibisi ikamdondoka.

— Habari zenu, shemeji zangu.

— Nzuri, shemeji.

Akamgeukia mumewe. — Damu ilianza juzi alfajiri. Leo wamenipima. Hakuna kitu.

— Mungu wangu! Mbona hukuniita?

— Nilikuita. Simu uliizima.

Profesa akakohoa. — Pole sana, shemeji. Sasa, hao madaktari...

— Daktari kasema si kosa la mtu. Si lake yeye daktari, wala langu, wala la huyu mume wangu. Sikuja kugombana. Nina swali moja tu.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Juzi nyinyi mlilala wapi?

Kinyozi akashika birika, akamimina. Lilikuwa tupu, naye akaendelea kuliinamisha.

Sote watatu tulilala makwetu, na wake zetu. Fundi Saa akamshika mkewe mkono, wakaondoka, na saa ya watu ikabaki wazi mezani.