Siku Mama Alipomfungia Baba Stoo

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti mkubwa wa marehemu, nimetumwa na familia niwasomee safari ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Pasi, na mkiniona nasita, mnivumilie.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili kati ya watano, akasoma hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1945 baba yake alipoumia kazini, na tarehe 2 Januari 1947 akaajiriwa kwa dobi aliyefua sare za polisi wa mkoloni, kazi aliyoifanya miaka ishirini na tisa bila kuunguza hata kola moja, au ndivyo alivyotuambia.

Tarehe 17 Septemba 1955 alifunga ndoa na baba yetu, katibu wa chama cha wafanyakazi wa reli, na hapo ikaanza kazi yake ya pili, kwani alishagundua kwamba sare zikiletwa nyingi kabla ya siku ya kawaida ya kufuliwa, zikitakiwa haraka haraka, kesho yake watu wanakamatwa, basi akawa anawatonya baba na wenzake, wanatoweka mapema, na polisi wanakuta vitanda vitupu, wamependeza bure.

Tarehe 9 Julai 1958 walikuja wamevaa kiraia. Hakuna sare iliyoletwa, hakuna aliyeonywa, baba akachukuliwa kikombe cha chai kikiwa mkononi, akawekwa kizuizini miaka mitatu na ushee, mimi nikazaliwa tarehe 21 Novemba yeye hayupo, na mama, ambaye hakuwa na kosa lolote, alijilaumu mpaka uzeeni.

Baba aliachiwa tarehe 3 Oktoba 1961. Miaka miwili baadaye, siku moja kabla ya uhuru, zililetwa sare mia mbili kwa mpigo, zote za haraka, na mama, aliyekuwa ameapa kwamba hawatamchukua mara ya pili, hakuuliza mtu, akamfungia baba stoo nyuma ya magunia ya sabuni, akakaa mlangoni na pasi ya moto mpaka kesho yake jioni, kumbe sare zilikuwa za gwaride la kushusha bendera ya mkoloni, mji mzima uko uwanjani unashangilia, na aliyefungwa miaka mitatu kwa ajili ya siku hiyo anausikia uhuru kupitia tundu la ufunguo.

Walijaliwa watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu watatu. Mama alianza kuugua figo mwaka 2014, akatutoka Jumatano, tarehe 6 Aprili 2016, saa nne asubuhi, baba amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani ambao hawakutuacha hata siku moja, na wenzake wa zamani wa kazini.

Wiki yake ya mwisho mama aliniagiza nimwombe baba msamaha mbele za watu, kwa kumkosesha siku ile ya uhuru. Baba, nimeomba. Naye, nilipomdokeza leo asubuhi, alinijibu, akaniruhusu niwasomee: “Bendera ilishuka bila mimi, tena ilishuka vizuri tu, lakini mle stoo, kwa mara ya kwanza tangu nitoke kizuizini, nililala usingizi wa kweli, kwa sababu nilijua nani yuko mlangoni.”

Mama, umesikia. Sasa kapumzike.