Kufiwa na Mama Mara Tatu

Ndani ya Noah ya abiria inayopitia Magamba, dada aliyekaa mbele yangu alikuwa anafoka. "Ofisini kwetu Ladislas kafiwa na mama mara tatu mwaka huu. Mwongo mkubwa!"

Jamaa asiyejuana na dada huyo, aliyekaa ubavuni kwake, akamtetea Ladislas. "Nyie mnamwonea. Mama mdogo naye si mama?"

"Basi aseme mama mdogo!"

"Akisema mdogo, bosi anampa ruhusa ya nusu siku tu."

Dada akamgeukia. "Na wewe, Jumanne hii, mbona hauko kazini?"

"Nimefiwa na mama," akajibu, uso kaukunja. Mimi mjinga ndiye niliyetangulia kumpa pole.

Tukasimama Magamba. Kando ya barabara alisubiri mwanamke mwenye majembe mawili. "Shikamoo mama," jamaa akasema akishuka, akapokea jembe moja. Gari liliondoka kabla sijamuuliza huyo ni mama wa ngapi.